Hodi ya Kituo cha Kumi na Moja

Wasifu walionipa nisome ulikuwa wa kurasa mbili, umechapwa vizuri, na juu yake picha ya Redempta akiwa na sare nyeupe ya uuguzi. Nilipewa siku moja kabla ya maziko, nyumbani kwake Matogoro, na mpwa wake Deogratias, ambaye alinieleza kwamba familia imenichagua kwa sababu nilifanya kazi na marehemu na sauti yangu bado inafika mbali. Niliusoma nikiwa nimekaa kwenye benchi chini ya turubai, nyuma yangu wanawake wakipepeta mchele na kubishana kama maharage yatatosha. Kuzaliwa, ubatizo, shule, mafunzo ya uuguzi, zahanati ya kwanza, zahanati ya pili. Halafu sentensi moja fupi: "Baadaye alihamishiwa mjini kwa sababu za kikazi." Nikazikunja karatasi nikamrudishia.

"Huu siusomi hivi ulivyo," nikamwambia.

"Kuna kosa, babu?"

"Kuna uongo. Na si wako, ni wangu. Nimeuacha ukae miaka mingi mpaka umeota mizizi humo."

Sitaeleza hapa nilizaliwa wapi wala baba yangu alilima nini. Watu wa kwetu hawana kosa katika habari hii. Nitaeleza mwaka mmoja tu, mwaka uliozaa sentensi ile. Ulikuwa katika miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na maduka ya Songea yalipoanza kujaa sabuni za rangi na redio za kaseti, na kila mwenye baiskeli akajiita mfanyabiashara wa mahindi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina cheti cha kidato cha nne, na nilikuwa opereta wa redio koli katika hospitali ambayo sitaitaja, maana majengo hayakukosa. Chumba changu kilikuwa nyuma ya stoo ya mashuka. Kilinuka sabuni ya kufulia na tindikali ya betri. Palikuwa na meza, kiti kimoja, saa ya ukutani, betri mbili za lori sakafuni, na redio yenyewe, sanduku la chuma la kijivu lisilozidi ukubwa wa mikate miwili ya boflo, na kipaza sauti chake kikining'inia kwenye msumari. Waya wa antena ulitoka dirishani ukaenda kufungwa juu ya mkaratusi uliokuwa uani, na chini ya mkaratusi huohuo ndipo lilipoegeshwa gari letu la wagonjwa. Lilikuwa moja tu. Dirisha lilikuwa la kioo, linatazama njia ya miguu waliyopita wauguzi wakienda zamu.

Kazi ilikwenda hivi. Tulikuwa na vituo kumi na kimoja vijijini, na kila kituo kilikuwa na redio kama yangu, ila wao walitegemea betri moja ya gari na kipande cha sola juu ya bati. Umeme huo haukutosha kuiacha redio wazi kutwa. Kwa hiyo tulikutana hewani mara tatu kwa siku, saa mbili asubuhi, saa saba mchana na saa kumi jioni, nusu saa kila mara. Muda huo ukipita masanduku yote yalizimwa, na mtu aliyezidiwa saa tatu asubuhi alikuwa amezidiwa peke yake mpaka saa saba. Kituo kikiwa na mgonjwa wa gari, nilimwuliza muuguzi maswali kwa mpangilio uleule: anapumua vizuri, anatoka damu, tangu lini, barabara ikoje, mto umejaa au haujajaa, na la mwisho, mnaweza kumbeba kwa machela mpaka njia panda? Hilo la mwisho liliokoa watu wengi. Gari likitoka huku na machela ikitoka kule, mnakutana katikati, na mgonjwa anakuwa amepata saa nzima ambayo hakuwa nayo. Majibu niliyaandika kwenye daftari, nikampelekea daktari wa zamu, akatia sahihi, nikamkabidhi dereva wetu Mzee Mapunda. Kama kila kitu kimekwenda sawa, kuanzia hodi ya muuguzi mpaka muungurumo wa injini ilikuwa dakika kumi na tano. Nilijivunia dakika hizo kuliko cheti.

Aliyenifundisha alikuwa askari mstaafu mwenye amri mbili. Ya kwanza, hewani hakuna shikamoo. "Shikamoo inaleta marahaba," alisema, "marahaba inaleta habari za nyumbani, habari za nyumbani zinaleta mbuzi wa jirani, na betri inakufa mgonjwa hajatajwa." Ya pili, daftari halifutwi. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, unaandika lililo kweli pembeni, unatia sahihi yako na tarehe. Ya tatu niliileta mwenyewe baada ya yeye kuondoka. Ruksa ilikuwa imeingia mpaka hewani. Katikati ya wagonjwa utasikia, "Mwambie shemeji lori limeshavuka, mahindi yakaushwe," au mtu anaulizia mbolea, au mwalimu fulani anaomba mchumba wake apelekewe salamu. Nikatoa amri kwamba vituo vitasema kwa zamu, moja mpaka kumi na moja, na hakuna kufungua mdomo kabla sijaita namba yako. Atakayedakia nitamruka katika kipindi kinachofuata. Hewa ikatulia kama kanisa. Katibu wa hospitali akanisimamisha mbele ya wafanyakazi wote akasema, "Jifunzeni nidhamu kwa kijana huyu." Sifa ile ilinipanda kichwani kama pombe ya ulanzi asubuhi, na sikulevuka haraka.

Wauguzi hawakuwa na ujanja wa kupinga, ila walibuni njia. Mtu wa kwetu haingii ndani bila hodi, lakini pia hodi hainyimwi jibu; hata kama huna chakula, hata kama umegombana na aliye mlangoni, unasema karibu kisha mengine yafuate. Basi wakawa wanagonga kipaza sauti kwa ukucha mara mbili. Ko, ko. Hawajasema neno, hawajavunja amri, lakini mwenye masikio amejua kuna mtu mlangoni. Mwanzoni nilijifanya siijui. Baadaye nilizoea hata nikatambua ni ukucha wa nani. Kituo cha Nne alikuwa na haraka. Kituo cha Tisa aligonga kama anaomba radhi. Kituo cha Kumi na Moja, mwisho wa barabara ukielekea mto Ruvuma, mwisho wa orodha yangu, aligonga kama mwenye nyumba.

Huyo ndiye Redempta. Alinizidi miaka kama sita, na jambo lililoniudhi kwake ni kwamba aliniita mdogo wangu, hewani, mbele ya vituo vyote, mimi mwenye kidato cha nne na yeye aliyetoka darasa la saba akaingia uuguzi. Mwaka ule alidakia mara mbili. Mara ya kwanza ni mtoto aliyeumwa na nyoka, nikamsamehe. Mara ya pili tulikuwa kwenye Kituo cha Tatu.

"Tatu, endelea. Ova."

"Tatu hapa, wagonjwa wa kawaida, chanjo zimebaki…"

"Samahani Tatu. Opereta, Kumi na Moja hapa. Nina mama ana kifafa cha mimba."

"Kumi na Moja, toka hewani. Namba yako haijafika."

"Mdogo wangu, watu wangu hawaugui kwa kufuata namba."

Nikasikia vicheko kutoka pembe zote za mkoa. Gari nilimpelekea, na mama yule alipona, lakini vicheko vile nilikwenda navyo nyumbani. Jioni nikamsikia muuguzi mmoja akimwambia mwenzake nje ya dirisha langu, "Leo Mkuu wa Hewa kanyolewa bila maji." Nikaapa kwamba Kumi na Moja atajifunza.

Siku yenyewe ilikuwa ya masika, lakini asubuhi ilikuwa kavu na jua lilitoka. Saa mbili, nilipokuwa na Kituo cha Pili, Redempta alidakia mara ya tatu. Hakuwa na mgonjwa mahututi. Alitaka kujua kama mafuta ya taa ya friji ya chanjo yametoka, kwa sababu lori la mfanyabiashara mmoja lilikuwa Songea na lingeondoka saa hiyohiyo, na akilikosa angekaa wiki nzima. Sababu ilikuwa nzuri. Naijua leo na niliijua siku ile. Nikamwambia, "Kumi na Moja, umerukwa kipindi kijacho. Ova." Nikaandika kwenye daftari kwa mwandiko wangu mzuri, nikaendelea na Pili.

Saa saba nikafungua redio. Nilikuwa nimetoka kula ugali na dagaa wa Nyasa kwa mama Fidea, mama lishe wa nyuma ya uzio, tumbo limejaa na roho imetulia. Nje Mzee Mapunda alikuwa amelala kwenye kiti cha mbele cha gari, mlango wazi, miguu nje. Nikaita Moja, nikaita Mbili, mpaka Kumi. Vyote salama, hakuna mgonjwa wa gari. Zilibaki dakika kumi na mbili za kipindi. Hapo nikasikia: ko, ko. Nikautambua ukucha. Nikakaa. Ikapita kama dakika moja. Ko, ko. Hakusema neno, na nimejiuliza miaka yote kwa nini siku ile, kati ya siku zote, hakudakia kwa mdomo. Nadhani alikuwa ameamua kunitii. Alijua nikisikia sauti yake kabla ya ruhusa nitafunga, na hakutaka nifunge, kwa hiyo alisimama mlangoni kwangu kwa adabu zote akapiga hodi. Ikaja ya tatu. Ko, ko. Nikasema hewani, "Kipindi kimekwisha," nikageuza swichi. Saa ya ukutani ilionyesha zimebaki dakika tisa.

Saa kumi nilimwita akiwa wa kumi na moja, kama kawaida. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Kumi na Moja hapa. Mama mwenye mimba ya kwanza, jina Zainabu, uchungu tangu alfajiri, mkono wa mtoto umetangulia. Nilikuita saa saba. Ova." Nikauliza maswali yangu. Damu ipo. Njia panda wanaweza kufika, wamekwisha kumfunga kwenye machela tangu mchana. Mto? "Saa saba ulikuwa magotini. Sasa mvua inanyesha huku saa ya pili." Mzee Mapunda aliondoka baada ya dakika kumi na mbili, haraka kuliko siku zote. Alikuta maji yamefunika daraja, akasubiri yashuke, na ng'ambo ya pili aliona watu na machela chini ya turubai, karibu kabisa, wakimpungia. Zainabu alifariki jua linazama, upande ule wa maji, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Redempta. Mtoto alikuwa ametangulia.

Wenzangu wa zamani wananifariji. Wanasema miaka ile hatukuwa na vifaa, barabara zilikuwa mbaya, hata ungejibu pengine asingepona. Nawakatalia. Sitaki msamaha wa barabara. Saa saba mto ulikuwa magotini, gari lilikuwa chini ya mkaratusi, dereva alikuwa amelala ndani yake, na redio ilifanya kazi yake yote. Ilileta hodi kutoka mwisho wa barabara mpaka sikioni mwangu. Kitu pekee kilichoharibika katika mfumo wote siku ile ni mimi.

Kesho yake Katibu aliliomba daftari. Mstari wa saa saba, mbele ya namba kumi na moja, ulikuwa mtupu. Akaweka kidole pale. "Hapa pana nini?" Ningeweza kusema. Aliniangalia kama mtu aliyewahi kunisimamisha mbele ya watu na hataki kuaibika kwa ajili yangu. "Wizara wakija, nafasi tupu haifai," akasema, akanisukumia kalamu. Hakuniambia niandike nini, hilo namtetea. Nikaandika neno moja: Hakujibu. Likawa ushahidi. Eti nilimwita, eti hakuwepo kwenye redio yake, eti Zainabu alikufa kwa uzembe wa muuguzi.

Redempta akaitwa mjini mbele ya kamati. Siku ile mchana nilikwenda kula kwa mama Fidea, nikamkuta amekaa kwenye benchi refu peke yake, viatu vina tope la safari. Sikuwahi kumwona uso. Lakini aliposema tu "Mama, niongezee kisamvu," nikamjua, nikataka kurudi nyuma. Naye akanijua kwa salamu niliyomwitikia mama Fidea.

"Kumbe ndiye wewe," akasema. "Nilidhani ni mnene. Kaa."

Nikakaa. Mama Fidea akaniwekea sahani.

"Nikuulize kitu kimoja tu, mdogo wangu. Ulisikia hodi?"

Nikatazama ugali.

"Sikuulizi mbele ya kamati. Nakuuliza hapa, kwenye kisamvu."

Alingoja kwa muda ambao ungetosha mtu kutoka ndani mpaka mlangoni. Halafu akalisogeza bakuli la mboga katikati yetu. "Basi kula. Unapoa."

Kamati ilikaa watu watano. Akawaeleza yote bila kupandisha sauti, akamalizia, "Niligonga mara tatu. Aliyepo kwenye kiti kile alinisikia. Mwulizeni." Wakaniuliza. Nikasema, "Sikusikia." Maneno yale nilikuwa nimeyafanyia mazoezi usiku kucha, na yalitoka laini. Wakamwandikia barua ya onyo na uhamisho, wakampa kalamu atie sahihi kwamba amekubali. Akaisoma mpaka mwisho, akaiweka mezani.

"Sitii."

"Nesi, hii ni taratibu tu," Katibu akasema.

"Zainabu naye alikufa kwa taratibu. Nihamisheni, nifukuzeni, mna uwezo huo. Sahihi ni yangu."

Hawakumfukuza; wauguzi walikuwa wachache. Walimleta hospitalini kwetu, kliniki ya watoto. Na hapo ndipo mwaka wangu ulipoanza hasa. Kila asubuhi, akienda zamu, alipita kwenye njia ya miguu, akafika dirishani kwangu, akagonga kioo kwa ukucha mara mbili. Ko, ko. Kisha akaenda zake. Hakusimama, hakunitazama. Jumatatu mpaka Jumamosi, mvua, kiangazi, baridi ya Juni ambayo Songea inamfanya mtu asitoe mkono kwenye koti, yeye alitoa. Nilijaribu kuchelewa, akagonga chumba kitupu, nikaambiwa. Niliweka pazia, akagonga pazia likiwa limefungwa. Wauguzi wengine wakajua. Mzee Mapunda akajua, na siku moja, akiwa anafuta kioo cha gari, akasema bila kunigeukia, "Mwanangu, mgeni wako yuko mlangoni muda mrefu sasa."

Mwaka ulipokaribia kuisha, saa mbili asubuhi, nilifungua redio nikatangaza kabla ya kuita namba yoyote. "Vituo vyote, opereta hapa. Kuanzia leo, kila kipindi kitaanza na kimya cha dakika moja. Mwenye mgonjwa wa gari agonge mara mbili, nitamjibu kwanza, awe namba yoyote. Na kati ya kipindi na kipindi redio yangu itakaa wazi kwa saa moja, nitasikiliza. Sitamruka mtu tena. Ova." Kisha Kituo cha Nne akasema, "Karibu duniani, opereta. Ova." Utaratibu ule ulidumu mpaka simu za mkononi zilipotuondoa kazini, na najua watu waliopona kwa ajili yake. Lakini sikusema umetoka wapi. Sifa zilipokuja, nilizipokea mimi. Na lile neno katika daftari niliacha lilivyo.

Asubuhi iliyofuata tangazo, Redempta hakugonga. Alipita tu. Nikatoka nikamkimbilia, nikamwambia kwamba naomba anisamehe, kwamba nilisikia zote tatu. Akaendelea kutembea mpaka kwenye mlango wa kliniki, kina mama wamepanga mstari na watoto migongoni.

"Usiniambie mimi," akasema. "Mimi nilikuwepo. Waambie ambao hawakuwepo."

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo. Nilikula kwake, alikuja kwenye harusi ya binti yangu, hakulitaja tena. Nilijidanganya kwamba limekwisha. Halikwisha, alikuwa amenipa kazi na anangoja niifanye, na mimi nikangoja mpaka asiwepo kuiona. Hilo nalo ni kosa langu, na sina wa kugawana naye.

Redio zilipoondolewa nililichukua daftari la mwaka ule, likakaa kwenye sanduku chini ya kitanda. Siku ya maziko nilikwenda nalo Matogoro kwapani. Deogratias alilitazama akawahi kumwita katekista, naye akanivuta pembeni. "Mzee wangu," akasema, "msibani hatuleti kesi."

"Sileti kesi. Kesi ilikwisha, na aliyeshindwa hakuwa na hatia. Naleta hukumu."

"Watu watakuonaje?"

"Ndivyo nilivyouliza wakati ule."

Akaniacha. Deogratias akanirudishia zile karatasi, nikasimama mbele ya jeneza. Niliusoma wasifu wao, kuzaliwa, ubatizo, shule, mpaka kwenye ile sentensi, nikaiacha, nikafungua daftari. Nikawaeleza kuhusu Zainabu, kwa jina lake. Nikawaeleza hodi tatu na dakika tisa. Hakuna aliyelia, hakuna aliyenizomea. Kisha nikaomba kalamu. Deogratias ndiye aliyenipa. Nililiweka daftari juu ya jeneza lenyewe, na watu wa mbele waliona nilichofanya. Nilipiga mstari mmoja juu ya Hakujibu, ili lisomeke. Pembeni nikaandika, na nilipokuwa naandika nilikisoma kila kitu kwa sauti: Aliita mara tatu. Nilimsikia. Sikumjibu. Nikatia sahihi yangu na tarehe ya siku ile.